z/OS na UTF-8: ŋ inapotea njiani, na shilingi zinabadilika

Ntinda_Kibodi

Wandugu, habari za jioni.

Niko Kampala, kwenye kampuni ndogo hapa Ntinda. Sisi ni watu wa Java. Meinifremu tulikuwa tunaisikia kwa wazee tu. Sasa tumepata kazi ya kampuni ya bima ya Ulaya inayolipa fidia za mazao kwa vikundi vya wakulima wa Lira na Masaka. Majina ya wakulima tunayaingiza kwa JDBC (njia ya Java ya kuzungumza na hifadhidata) kwenye Db2, hifadhidata yao iliyo juu ya z/OS, mfumo wa meinifremu za IBM. Orodha ya vijiji tunaituma kama faili kwa FTP. Mwisho wa mwezi wanaturudishia faili la malipo, nalo kwa FTP.

Kwetu kila kitu ni UTF-8. Kwao, wanasema, kila kitu ni EBCDIC, usimbaji wa herufi wa meinifremu, CCSID (namba ya jedwali la herufi) 1047.

Shida ya kwanza ni ŋ. Huku kwetu mtu hawezi kuikwepa, ipo kwenye Kiganda, ipo kwenye Kilango. Majina yaliyopita JDBC yakirudi, pale penye ŋ pana kitu kisichoonekana, na programu yetu ya kuchapa stakabadhi inakwama hapo hapo. Yale ya faili la vijiji yanarudi na vituko vingine: nikiyafungua kwenye Windows naona Å‹ badala ya ŋ.

Shida ya pili ni pesa, na hii ndiyo imemfanya bosi aanze kunipigia simu usiku. Kwenye faili la malipo, mkulima wa 1,200,000 anasomeka vizuri. Wa 50,000 anasomeka 26,000. Wa 1,240,500 anasomeka 1,220,260. Na kuna mmoja wa 2,000,000 ambaye kwetu ana 8,000,000! Mhasibu alidhani ni makato, mpaka alipomwona huyo wa milioni nane.

Nimepata mwongozo wa zamani unaosema nijenge taswira ya ubadilishaji, yaani furushi la majedwali ya kugeuza herufi, kwa programu iitwayo CUNMIUTL, halafu mfumo ufanyiwe IPL, yaani uwashwe upya. Msimamizi wa mfumo kule kwao alipoona neno IPL kwenye barua pepe yangu akajibu sentensi moja tu: majedwali yote yapo tayari. Kama yapo, mbona haya? Tuongeze jedwali gani ili 1047 iipokee ŋ?

---

JavaWandegeya

Dada, usijisumbue. Tuma na upokee kila kitu kwa binary, weka UTF-8 pande zote, basi. EBCDIC ni ya mwaka 1964, hao watu wahame.

---

Mzee_Konsoli

JavaWandegeya, hawatahama wiki hii, na malipo ni mwisho wa mwezi. Tumsaidie dada.

Ntinda_Kibodi, mimi ni mstaafu, niko Jinja, lakini nilikaa na mashine hizi Nairobi tangu nywele zikiwa nyeusi. Umeleta shida tatu ukidhani ni mbili, na hakuna hata moja ambayo jedwali jipya litaiondoa. Huyo msimamizi kakujibu kwa ufupi usiopendeza, ila kakujibu kweli.

Tumalize la usanidi, maana ni jepesi. Mwongozo uliosoma ni wa enzi zilizopita. Zamani ndiyo, ulikuwa unaorodhesha jozi za usimbaji unazotaka (kutoka upi kwenda upi), CUNMIUTL inakujengea taswira, taswira inapakiwa. Tangu z/OS 1.7 huduma ya Unicode ya mfumo inajipakilia jedwali yenyewe kutoka SYS1.SCUNTBL mara ya kwanza programu inapoomba jozi hiyo. Mwombe jamaa aandike kwenye konsoli:

`D UNI,ALL`

Ataona orodha ya jozi zilizopakiwa. Akitaka jozi iwepo kabla ya kuombwa, hahitaji IPL:

`SETUNI ADD,FROM(01047),TO(01208),TECHNIQUE(RECLM)`

na ya upande wa pili, 01208 kwenda 01047. 1208 ndiyo namba ya UTF-8 kwao. Akitaka zibaki hata mfumo ukizimwa na kuwashwa, anaziandika kwenye CUNUNIxx ya parmlib, maktaba ya usanidi wa mfumo, na kuielekeza kwa UNI=xx ndani ya IEASYSxx. Basi, usanidi umekwisha. Kama jozi ingekuwa haipatikani kabisa, Db2 ingekutupia kosa la SQLCODE -332. Hujaitaja, kwa hiyo naamini hujaiona.

Zile herufi RECLM ni mpangilio wa mbinu ambazo mfumo utazijaribu kwa zamu, na watu wengi huziacha bila kuzisoma. R ni ya kwenda na kurudi: herufi isiyo na mwenzake upande wa pili inapewa nafasi ya peke yake ili ikirudi irudi ilivyokuwa. E ni kali: isiyo na mwenzake inabadilishwa kuwa herufi moja ya kujazia, na ikishabadilishwa haina marejeo. Kwa hiyo RE na ER si kitu kimoja.

Sasa ŋ. 1047 ina nafasi 256, na herufi zake ni zile zile za Latin-1 (za lugha za Ulaya Magharibi) zilizopangwa kwa mtindo wa EBCDIC. ŋ haimo. Haimo kwenye EBCDIC nyingine pia: haimo kwenye 37, haimo kwenye 500. Mtu asikudanganye uhamie 1140, hiyo ni 37 iliyowekewa alama ya yuro tu. Hakuna jedwali linaloweza kuipa nafasi herufi isiyo na nafasi.

Ila angalia jinsi inavyoharibika, maana njia zako mbili zinatoa majibu mawili tofauti. Katika UTF-8, ŋ ni baiti mbili, kwa heksadesimali C5 8B. Kwa JDBC, Db2 inajua kabisa kwamba hiyo ni ŋ, inaitafuta kwenye 1047, inaikosa, inaweka 3F, ambayo ndiyo herufi ya kujazia ya EBCDIC. Ikirudi kwako inakuwa 1A. Hicho ndicho kitu chako kisichoonekana. Herufi yenyewe haipo tena popote kwenye mashine ile. Usipoteze muda kuandika programu ya kuirudisha, rudi kwenye fomu za wakulima.

Kwa FTP ni kinyume. FTP haikujua kwamba ni UTF-8. Iliona baiti mbili za Latin-1, ikazigeuza moja moja kwenda EBCDIC, na wakati wa kurudi ikazigeuza moja moja tena. C5 8B imerudi C5 8B. Windows ikaisoma kwa 1252, jedwali lake la herufi, ambako C5 ni Å na 8B ni ‹. Faili hilo ni zima! Lifungue kama UTF-8 utaiona ŋ yako imekaa. Lakini kule kwao, mtu akitazama jina hilo kwenye skrini ya terminali ataona takataka, na programu yao ikihesabu urefu wa jina itahesabu vibaya.

Kwa hiyo, Å‹ ina nafuu, 1A haina.

Pesa sijakufikia bado kwa sababu nataka kwanza unionyeshe maelezo ya rekodi, ile wanayoiita copybook. Ila kwa namba ulizotoa nina hakika karibu yote. Omba pia wakutolee rekodi ya yule wa 2,000,000 kwa heksadesimali. Kwenye ISPF, skrini zao za kazi za z/OS, ni kuandika HEX ON tu.

---

Ntinda_Kibodi

Mzee, asante sana. Faili la vijiji nimelifungua kama UTF-8 na kweli ŋ zote zipo. Bosi kapumua kidogo.

Wamenitumia hii:

```
01  MALIPO-REC.
    05  JINA-MKULIMA   PIC X(30).
    05  KIASI          PIC S9(7) COMP-3.
    05  KIJIJI         PIC X(25).
```

Na baiti nne za KIASI za yule wa milioni mbili, kwenye mashine yao: `20 00 00 0C`. Kwenye faili lililonifikia: `80 00 00 0C`.

---

Mzee_Konsoli

Ndiyo hiyo.

COMP-3 si maandishi. Ni namba iliyofungwa, tarakimu mbili kwa kila baiti, na nusu ya mwisho ni alama: C ni chanya, D ni hasi. 20 00 00 0C ni 2,000,000 na chanya. FTP ya maandishi inapita juu ya rekodi nzima ikidhani kila baiti ni herufi. Imeona 20, ambayo kwenye EBCDIC ni herufi ya udhibiti, jedwali linasema mwenzake kwenye Latin-1 ni 80, ikaweka 80. Milioni nane.

Wa 50,000 ni 00 50 00 0C. Baiti 50 kwenye EBCDIC ni alama ya &, ambayo kwenye ASCII ni 26. Ndiyo 26,000 yako. Wa 1,240,500 ni 12 40 50 0C: 12 haibadiliki, 40 ni nafasi tupu inakuwa 20, 50 inakuwa 26. 12 20 26 0C, soma mwenyewe. Na wa 1,200,000 ni 12 00 00 0C, baiti ambazo kwa bahati zinafanana pande zote mbili. Kwa hiyo malipo mengi ya mviringo yalifika salama, na hapo ndipo hatari ilipojificha: mtu akikagua mawili matatu anasema faili ni sawa.

Ukiipata namba iliyovunjika kabisa, yenye herufi mahali pa tarakimu, shukuru. Programu ya COBOL kule kwao ingeanguka na S0C7, kosa la data isiyo namba, na watu wangeamka. Inayobadilika ikawa namba nyingine halali hailii.

Jambo lingine, kagua hesabu ya mistari kwenye faili. Namba ikiwa na baiti 15 ndani, inaweza kusomeka kama mwisho wa mstari, na rekodi moja ikakatika vipande viwili.

Dawa ziko mbili.

Ya kwanza, waigeuze pesa kuwa maandishi kabla haijaondoka kwao. DFSORT, chombo chao cha kupanga na kunakili faili, inafanya hivyo bila kuandika programu:

```
  SORT FIELDS=COPY
  OUTREC BUILD=(1,30,
    31,4,PD,EDIT=(STTTTTTT),SIGNS=(+,-),
    35,25)
```

Hapo rekodi nzima ni maandishi, na FTP ya maandishi ina haki ya kuigusa. Wakumbuke kwamba rekodi imerefuka: baiti 4 zimekuwa 8.

Ya pili ni binary, na hapa JavaWandegeya alikuwa na nusu ya haki. Pokea kwa binary, kata kila rekodi baiti 59, halafu geuza sehemu kwa sehemu: 30 za mwanzo kwa charset ya IBM1047, 4 zifungue mwenyewe kama namba iliyofungwa, 25 za mwisho IBM1047 tena. Java inayo. Ila kama mnajitengenezea Java iliyopunguzwa, hakikisheni moduli ya jdk.charsets imo, la sivyo itakuambia charset hiyo haijulikani. Kupokea kwa binary halafu kusoma yote kama UTF-8, kama alivyopendekeza, hakutakupa hata jina moja: A ya EBCDIC ni C1, na C1 haikubaliki kabisa ndani ya UTF-8.

Mimi ningechagua ya kwanza. Kila mahali panapogeuza data ni mahali pa kugombana baadaye, na ni afadhali ugomvi ubaki kwa wenye copybook. Siku wakiongeza tarakimu mbili kwenye KIASI bila kuwaambia, nyinyi hamtajua.

Na kabla hatujaenda mbali: nani kakuhakikishia kwamba ni 1047? Usiniambie "majina yanasomeka". Herufi A mpaka Z na tarakimu zimekaa mahali pale pale kwenye 37, 500 na 1047, majina yatasomeka hata ukikosea. Tofauti ziko kwenye alama. Waombe waandike kwenye faili la majaribio mabano ya mraba na alama ya mshangao, kisha wakupe heksadesimali. Mabano [ ] yakiwa AD na BD ni 1047. Yakiwa BA na BB ni 37. Yakiwa 4A na 5A ni 500. Nimeona mifumo ambayo Db2 iko 37, terminali za watu ziko 500, na upande wa Unix wa mashine ile ile uko 1047, na kila mmoja anaapa kwamba yuko sawa.

---

Mwalimu_Arua

Naomba kuongeza kidogo, mzee wangu, si kwa kukupinga.

Kuna herufi nyingine itakayomsumbua dada kuliko ŋ. Watu wengi hawana ŋ kwenye simu, wanaandika ng'. Simu nyingi zinageuza ile alama kuwa iliyopinda, ’, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Nayo haimo kwenye 1047. Alama iliyonyooka ndiyo imo, 7D. Nilijaribu kuingiza ng’ombe mmoja kwa simu na ng'ombe mwingine kwa kompyuta. Kwa macho ni wale wale, wa simu alirudi na 1A shingoni.

Na kwa vijana wanaouliza wapi pa kujifunzia: Hercules, programu inayoiga meinifremu, pamoja na MVS 3.8, mfumo wa IBM wa zamani, ni bure na inaendeshwa hata kwenye kompyuta kuukuu, mimi ninayo na wanafunzi wangu wanaipenda. Lakini huduma ya Unicode hamtaikuta humo, mfumo ule ni wa kale mno. Anayetaka z/OS ya leo ajaribu IBM Z Xplore, ni bure, unaingia kwa intaneti. Umeme tu usikatike.

---

Mzee_Konsoli

Mwalimu, nakushukuru, hiyo ya simu ningeisahau. Dada, ilainishe ile alama upande wenu kabla ya kutuma: ’ na ‘ zote ziwe '. Hilo ni lenu, msiwaachie wao.

---

Ntinda_Kibodi

Wazee wangu, nimerudi na habari.

Alama za mabano zimetoka BA na BB. Yaani Db2 yao ni 37! Msimamizi mwenyewe alishangaa, kisha akakumbuka kwamba 1047 ni ya upande wa Unix, na mtu aliyetuandikia mkataba wa data alitazama huko. Kwa majina haikuleta tofauti, kama mzee alivyosema, ila sisi tulikuwa tumepanga kuanza kuwatumia maelezo ya mashamba kwa JSON, na JSON bila mabano…

Wamekubali kutumia DFSORT. Faili la majaribio limekuja, 50,000 ni 50,000 na milioni mbili ni milioni mbili. Mhasibu kalinganisha mistari yote, si miwili mitatu.

ŋ ndiyo imebaki. Wanauliza: tuandike "ng'" kila mahali, au wabadilishe jedwali? Wakulima wenyewe, hasa wazee wa Lira, hawataki jina liandikwe tofauti na lilivyo kwenye kitambulisho.

---

Mzee_Konsoli

Wazee wa Lira wana haki. Jina la mtu ni lake, na stakabadhi isiyolingana na kitambulisho itawarudisha watu nyumbani bila pesa.

Si lazima Db2 nzima ihame. Watengeneze jedwali jipya la majina peke yake, na kwenye CREATE TABLE waandike CCSID UNICODE, kwenye tablespace (eneo linalohifadhi jedwali) iliyotengenezwa hivyo hivyo. VARCHAR humo ndani inakaa kama UTF-8, na ŋ inakaa C5 8B bila kuguswa. Majedwali mengine yabaki EBCDIC. Tangu toleo la 8, Db2 inaunganisha ya aina mbili ndani ya swali moja la SQL na kugeuza yenyewe.

Matatu ya kuangalia. Urefu wa safu unahesabiwa kwa baiti: eŋŋaali ni herufi 7 lakini baiti 9, kwa hiyo ile 30 ya JINA-MKULIMA haitoshi, ningeweka 60. Pili, mpangilio wa orodha utabadilika. EBCDIC inaweka herufi ndogo kabla ya kubwa na tarakimu mwisho. UTF-8 inaanza na tarakimu, kisha kubwa, kisha ndogo, na ŋ inakwenda nyuma ya z. Ripoti yao ikitegemea mpangilio wa zamani, watalalamika.

Tatu, programu yao ya COBOL inayotoa faili la malipo. Ikisoma jina kutoka jedwali jipya na kuliweka kwenye PIC X ya kawaida, Db2 italigeuza kwenda 37 na tumerudi kwenye 3F. Walisome kwenye PIC N USAGE NATIONAL, ambayo ni UTF-16, kisha waandike kwa DISPLAY-OF wakitaja 1208. Hapo rekodi itakuwa na jina la UTF-8 katikati ya maandishi ya EBCDIC, kwa hiyo hiyo DFSORT na FTP ya maandishi haifai tena kwa faili hilo. Walitoe lote kwa UTF-8, pesa na kijiji pia vipite DISPLAY-OF, walitume binary.

Majina yaliyokwisha kuwa na 3F wayatafute kwa HEX(JINA) LIKE '%3F%', wakiangalia wasinase 3F iliyozaliwa na baiti mbili jirani, kama F3 ikifuatwa na F1. Orodha itakayobaki wapeni maafisa wa vikundi wajaze upya.

---

Ntinda_Kibodi

Nimewatumia yote kama yalivyo. Wameomba copybook mpya kutoka kwetu kufikia Ijumaa, jina likiwa baiti 60. Mwalimu, kazi ya kunyoosha alama za simu nimeiweka tayari upande wetu.